Dani Hajaambiwa

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, asihangaike kulitafuta kwa jirani. Habari zenyewe ni fupi, na hazina utamu ndani yake.

Rispah, binti wa Ahero, alikwenda Sydney kusomea uuguzi. Ili alipe karo, akaajiriwa kuwahudumia wakongwe katika nyumba moja ya wazee huko Seven Hills. Januari ya 2021 baba yake akafariki. Mipaka imefungwa kwa sababu ya korona, na mwenye viza ya mwanafunzi akitoka Australia harudi. Nyumbani walimngojea wiki mbili na nusu, mzee yuko mochari, mwishowe wakazika bila yeye.

Na msiba wenyewe alivyoupata! Asubuhi moja alikuwa amesimama peke yake stesheni, anangoja treni ya kwenda kazini. Simu ikalia. Kufungua kundi la familia, binamu mmoja ameandika: "Poleni sana kwa kumpoteza mzee."

Mzee gani? Hivyo ndivyo alivyojua hana baba. Pole zilimfikia kabla ya habari.

Siku hiyo Rispah aliapa kwamba yeye, maadamu yu hai, hatampasulia mtu habari ya kifo akiwa peke yake. Kishike kiapo hicho, msomaji. Ndicho kilichomponza.

Aliyempokea kazini asubuhi ile hakuwa Mkenya mwenzake. Alikuwa mwanamke wa Ireland, miaka themanini na saba, macho yamekwisha, anaona vivuli tu. Kazini wote walimwita Nuala, kavu kavu, kama mtoto wa shule. Ulimi wa Rispah ulikataa. Akamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na bibi mwenyewe akalipenda jina.

Dani alimshika Rispah mkono saa nzima. Kisha akasema, "Mimi niliondoka kwetu Leitrim kwa meli mwaka wa hamsini na nane. Baba, mama, ndugu zangu watano, wote nimewazika kwa barua. Barua inafika, mwenyewe yuko chini wiki tatu. Sasa amebaki Packie peke yake. Packie sitaki kumzika kwa barua."

"Hutamzika kwa barua, Dani. Siku ikifika, nitakushikia tableti. Utakuwa kanisani tangu wimbo wa kwanza."

"Ahidi."

"Nimeahidi."

Ahadi ni deni, tunasema. Wengine hulipa, na wengine hujaribu kulipa wakazidisha.

*

Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni ya Sydney, ambayo ni saa tatu asubuhi kule Leitrim, Rispah aliiweka tableti mapajani mwa Dani. Ilikuwa na picha tatu kubwa. Ukigusa picha, simu inapiga. Moja ya Packie, ya pili ya Orla, binti yake Packie, na ya tatu ya Rispah mwenyewe, kwa sababu Dani alisema naye ni jamaa.

Packie hakujisumbua na kamera, kwani dada yake haoni. Alichukua simu akatoka nayo mvuani hadi kwenye geti la shamba. Akalifungua. Geti likalia kriiii, mlio wa kuuma meno.

"Bado hujalitia mafuta?" Dani anauliza.

"Miaka arobaini silitii mafuta kwa ajili yako, na majirani wananiita mvivu," Packie anajibu.

Dani hapo hucheka hadi afute machozi. Wakishamaliza hilo la geti, mengine ni ng'ombe, mvua, na nani kaoa nani. Kwa mtu aliyeondoka kwao miaka sitini na mitatu iliyopita, geti hilo ndilo lililokuwa nyumbani.

Sasa twende Jumatano ile ya Agosti.

Sydney yote ilikuwa imefungiwa ndani. Nyumba ya wazee haikuruhusu mgeni hata mmoja. Saa mbili asubuhi Rispah alikuwa anamkorogea Dani chai, simu yake mwenyewe ikaita. Akatoka hadi kwenye korido. Alikuwa Orla.

"Rispah, baba amekwenda. Sasa hivi, saa moja haijapita. Alikuwa kwenye kiti chake, redio inaongea."

Rispah akaegemea ukuta.

"Siwezi kumwambia shangazi kwa simu," Orla akasema. "Atanisikia nalia kabla sijafungua mdomo. Wewe uko naye. Mshike mkono umwambie. Tafadhali."

"Nitamwambia."

"Mengine nitakuandikia."

"Sawa. Pole sana, Orla. Pole mno."

Orla hakutaja siku ya mazishi, wala Rispah hakuuliza. Nani huuliza siku ya mazishi marehemu hata hajapoa?

Badala ya kurudi chumbani, Rispah alikwenda moja kwa moja kwa Mugambi, nesi msimamizi wa zamu. Mugambi ni Mmeru, mtu mzima, mwenye huruma nyuma ya sura ngumu.

"Umeambia nani?" Mugambi akauliza.

"Wewe tu."

"Na usiambie mwingine. Mama wa eighty-seven, haoni, peke yake kwa hiyo room? Unataka tuzike wawili?"

"Ndiyo maana nimekuja. Tumtafute padri wake akae naye. Na wale wamama wa kanisa lake."

"Wamama sahau. Ni lockdown. Padri labda, na lazima tumuombee exemption. Nikituma form leo, jibu ni Saturday."

"Saturday si mbaya. Hata kamati ya mazishi hawajaunda."

"Kamati iko wapi! Bado wanatafutana kwa simu," Mugambi akakubali. Akashusha sauti. "Kitu moja. Usiandike kwa notes zake. Mtu wa zamu ingine akisoma, ataingia na dawa amtobolee hivyo hivyo."

"Siandiki."

Wakakubaliana hapo kando ya friji ya dawa, Wakenya wawili wenye utu wao. Walimpenda yule mama. Nalisema mapema ili usije ukawadhania vingine.

*

Kwao Rispah habari ya kifo haiangushwi, hupandishwa ngazi. Leo fulani anaumwa. Kesho amelazwa. Keshokutwa hali si nzuri, njoo nyumbani. Ukifika ukute viti vimepangwa uani na wanawake wamejifunga leso, utakuwa umeshajua mwenyewe, na mikono ya kukushika iko tele.

Rispah akaingia chumbani kupanda kidato cha kwanza.

"Nimesikia sauti ya Orla," Dani akasema kabla mlango haujafungwa. Masikio yale!

"Ndiyo, Dani. Alikuwa anakusalimu."

"Jumatano? Orla hapigi Jumatano. Packie ana nini?"

Rispah akashusha pumzi. "Kifua. Anakohoa kidogo."

"Packie? Packie huyo alilala shimoni na mvua mwaka wa hamsini na tatu asipate hata mafua."

"Ni umri, Dani."

"Umri ninao mimi. Yeye ni mtoto." Packie alikuwa na miaka themanini na minne. "Haya, chai iko wapi?"

Akapewa chai. Hakuinywa.

Alhamisi asubuhi Rispah alimkuta ameamka zamani, ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele amechana mwenyewe vibaya.

"Nipigie Packie. Nataka kukisikia hicho kikohozi kwa masikio yangu."

"Tableti haina chaji."

"Iweke kwenye chaji basi."

"Nimeiweka, Dani. Inachukua muda."

Uongo. Tableti ilikuwa kwenye kabati la mashuka mwisho wa korido, kati ya shuka la tano na la sita, na chaji yake imejaa. Rispah aliificha huko mwenyewe. Hilo hajaliungama hata kwa mchungaji wake, na sisi tunaliandika gazetini.

Dani aligeukia sauti yake. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hadi akaupata wa Rispah.

"Mwandikie Orla. Mwambie Packie asitoke nje na kifua hicho. Jumapili hii asinifungulie geti. Mwambie nimesema nitangoja hadi apone."

Rispah alitoa simu akajifanya anaandika. Vidole vilicheza juu ya kioo bila kugusa herufi. Machozi yalimdondoka ndani ya barakoa, na faida ya barakoa ni kwamba hata mwenye macho asingeyaona.

Alitaka kusema. Wallahi alitaka, midomo ilifunguka. Akaiona ile stesheni, akajiona yeye mwenyewe amesimama na simu mkononi na watu wanampita. Akaifunga. Jumamosi padri atakuja. Jumamosi haiko mbali.

Saa tisa alasiri Mugambi akatokea mlangoni, amevaa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni. Akamwita kwa kidole.

"Toka polepole. Usiguse kitu."

"Kuna nini?"

"Mpishi yuko positive. Mimi na wewe tulikula lunch naye Tuesday. Tumekuwa close contacts, sisi wote wawili. Fourteen days nyumbani, kuanzia saa hii."

"Nipe dakika moja nimuage."

"Hata nusu."

"Mugambi, hajaambiwa!"

"Na ukimwambukiza? Si utakuwa umemuua kabla hujamwambia?" Mugambi mwenyewe sauti ilimkatika. "Twende. Padri atakuja Saturday, nitapanga kwa simu. Twende, Rispah."

Kutoka chumbani sauti ikaita, "Rispah? Nani huyo? Rispah, tableti imejaa chaji?"

Rispah alisimama koridoni na mkono kwenye barakoa. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akatolewa nje kwenye jua la baridi la Agosti, mkoba wake ukaletwa baadaye ndani ya mfuko wa taka.

*

Rispah anaishi na Emerance, Mkongomani wa Bukavu aliyepitia kambi mbili kabla ya kufika Seven Hills, na ambaye sasa anafunga maboksi katika ghala moja hapo hapo mtaani. Emerance alimfungia Rispah chumbani, akamwekea sahani mlangoni, naye akavuta kiti akakaa upande wa pili wa mlango. Mazungumzo yao yote yalipita chini ya mlango.

"Courage, dada. Siku kumi na ine itapita."

"Siyo siku zangu, Emerance. Ni Dani."

"Mungu iko."

Rispah alilala na nguo za kazi.

Ijumaa saa moja asubuhi alifungua simu. Orla alikuwa ameandika usiku, wakati kwao ni mchana:

"Misa ni Ijumaa saa nne asubuhi. Linki ya kanisa hii hapa. Mwambie shangazi tumemwachia nafasi yake kwenye benchi la mbele. Asante kwa kuwa naye."

Akasoma mara ya pili. Ijumaa. Akatazama tarehe. Akahesabu kwa vidole kama mtoto: saa nne ya Ireland ni saa moja jioni ya Sydney.

"Emerance!"

"Iko nini?"

"Wanazika leo!"

"Leo? Si alikufa juzi?"

"Leo jioni. Leo!"

"Mon Dieu. Ata ku vita, kwetu tulikuwa tunangoja ndugu bafike."

Ndivyo walivyo Waairishi, msomaji, na si ukatili. Kwao siku ya tatu marehemu yuko chini, chai imenywewa, ng'ombe wamekamuliwa. Hakuna kamati. Hakuna kumngoja mjomba wa Mwanza apate likizo. Orla hakutaja siku kwa sababu alidhani dunia nzima inaijua, na Rispah hakuuliza kwa sababu alidhani dunia nzima haina haraka. Kati ya hizo dhana mbili alikaa mama kipofu mwenye miaka themanini na saba, akingoja tableti ijae chaji.

Bado kulikuwa na saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili si haba, ungesema.

Akapiga simu kazini. Muziki. Akapiga tena. Muziki. Mara ya sita akapokea mtu asiyemjua. Zamu nzima iliyokula na mpishi ilikuwa imetolewa, na wakala wa wafanyakazi wa muda alikuwa ameleta watu wapya.

"Wewe ni jamaa yake?" sauti ikauliza.

"Mimi ndiye ninayemhudumia. Niko isolation. Nisikilize, ndugu yake amefariki na anazikwa leo, lazima aambiwe, na lazima mtu akae naye."

"Samahani. Habari za mkazi hatuzijadili na mtu asiye jamaa."

"Sikuombi habari. Ninakupa!"

"Ninatazama kumbukumbu zake hapa. Hakuna kitu kama hicho kilichoandikwa."

Hakuna kilichoandikwa. Rispah aliitoa simu sikioni akaitazama. Shimo lile alilichimba mwenyewe, tena kwa mikono miwili, kando ya friji ya dawa.

Akampigia Mugambi.

"Nimepiga mara kumi na nne," Mugambi akasema kabla hajaulizwa. "Password yangu wamefunga. Wananiambia nitume email kwa head office. Nimetuma."

"Na padri?"

"Yeye ndiye anasubiri ruhusa."

"Hukujua kwamba wanazika upesi hivi?"

"Ningejulia wapi? Miaka kumi na moja niko hii nchi, nazika kwa Zoom watu wa kwetu tu." Akakohoa, na si kwa korona. "Tulikuwa tunamkinga, Rispah."

"Najua."

"Sasa tumemkinga na nini?"

Rispah alikata simu.

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki. Angempigia Orla. Wakati huo kule Leitrim ilikuwa usiku, na Orla bado alikuwa macho, kwenye mkesha, nyumba imejaa majirani. Neno moja tu lingetosha: hajaambiwa. Orla angempigia shangazi yake mwenyewe, akalia, wakalia wote, na jioni mama angekuwa kanisani.

Rispah aliandika, "Orla, samahani." Akafuta. Akaandika, "Kuna jambo." Akafuta. Angeanzaje? Kwamba uliniomba kitu kimoja nami nikakivisha kikohozi? Aibu ilimshika mkono. Akajiambia amwache afiwe kwa amani. Akajiambia kazini watapokea simu. Akajiambia mengi, na saa zikaenda, saa nne, saa saba, saa tisa. Hapa ndipo anapojilaumu hadi leo, kuliko tableti, kuliko kikohozi.

Saa kumi na moja jioni ndipo alipotuma: "Dani hajaambiwa. Ni kosa langu. Mpigie tafadhali, sasa hivi."

Alama moja tu ya ujumbe ikatokea. Haikuja ya pili. Kule Leitrim kulikuwa saa mbili asubuhi, na Orla alikuwa amezima simu yake aende kumzika baba yake.

*

Saa moja kasoro dakika tano Rispah alifungua linki kwenye kompyuta yake, juu ya kitanda.

"Uko naangalia?" Emerance akauliza kutoka nje.

"Naangalia."

"Basi angalia na sehemu ya Dani pia."

Kanisa lilikuwa dogo, kuta nyeupe. Watu hamsini, ndio idadi iliyoruhusiwa, wamekaa mbali mbali na barakoa zao. Mbele kabisa jeneza la mbao ya rangi ya asali. Benchi la kwanza alikuwa Orla, koti jeusi, na kando yake nafasi tupu ambayo juu yake wameweka shada dogo na picha ya msichana mwenye sanduku. Rispah aliijua picha ile. Ilikuwa ya Dani, siku ya meli.

Padri akaanza. Akasoma, wakaimba. Rispah alishika mto akaukumbatia.

Kisha padri akainua macho akaitazama kamera.

"Kabla hatujaendelea," akasema, "leo tuko na Nuala, dada yake Packie, anayetufuata kutoka Sydney. Nuala, sisi tunajua hutuoni. Lakini aliye kando yako atakueleza. Sasa hivi kila mtu hapa amegeuka, na kila mtu anakupungia mkono."

Watu hamsini wakageuka. Wazee, wanawake, mtoto aliyebebwa. Wakainua mikono wakapunga, wengine kwa mikono miwili. Orla alipunga huku barakoa yake imelowa.

Rispah, peke yake kitandani, alipokea salamu za ukoo mzima ambazo hazikuwa zake. Mkono wake ukainuka wenyewe. Akaushusha.

"Wanafanya nini?" Emerance akauliza.

"Wanamsalimu."

Kiti cha Emerance kililia nje.

Ilikuwa karibu na mwisho. Padri alikuwa analizunguka jeneza na chetezo, moshi unapanda. Rispah alimwona Orla akishtuka na kuingiza mkono mfukoni mwa koti. Akatoa simu. Si simu yake, ile ilikuwa imezimwa. Hii ilikuwa nyeusi, ya zamani, imefungwa mpira.

Rispah aliijua. Kwa miezi kumi na minane aliiona kila Jumapili, mkononi mwa Packie kwenye ile picha ya tableti. Ilikuwa simu ya Packie. Orla alikuwa ameibeba ikiwa hai kwa ajili ya majirani watakaotoa pole.

"Hapana," Rispah akasema. "Hapana, hapana, hapana."

Kumbe kule Seven Hills, mama mmoja wa wakala alikwenda kabatini kutafuta shuka safi. Kati ya shuka la tano na la sita akakuta tableti. Akampelekea mwenyewe. Na mwenyewe, ambaye siku tatu hajalala kwa kikohozi cha kutungwa, akaomba agusiwe picha ya kaka yake. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kwenye kioo, Orla aliweka simu sikioni, akainama, akanong'ona. Uso wake ulilegea kwa upendo. Alidhani shangazi yake anataka kuwa karibu zaidi. Akainuka, akapiga hatua nne hadi kwenye jeneza, akaishika simu juu yake kwa mkono ulionyooka, ili mama wa watu asikie wimbo. Ndivyo baba yake alivyokuwa akiishika, getini.

Akaishika hivyo ubeti mzima.

Akairudisha sikioni. Akasikiliza. Rispah aliuona mgongo wake ukikakamaa. Orla akageuka polepole na kuitazama kamera, moja kwa moja, na barakoa haikuweza kuficha macho yale. Akaanza kulia kwa mabega.

Simu ya Rispah ikaita kitandani.

Ilikuwa picha ya Dani.

"Ipokee, dada," Emerance akasema nyuma ya mlango. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepiga magoti.

Rispah akaipokea.

"Rispah? Ni wewe?"

"Ni mimi, Dani."

"Nimempigia Packie kumuuliza kifua. Amepokea Orla. Nikasikia watu wanaimba, na padri anasema Kilatini kidogo. Nimemuuliza Orla, nipe Packie. Hasemi. Analia tu."

Kwenye kompyuta, wanaume sita walikuwa wamesimama na kukusanyika kando ya jeneza, watatu huku, watatu kule. Mmoja alivua kofia akaitia mfukoni.

"Dani, nani yuko nawe hapo?"

"Hakuna. Yule mama amenigusia picha yako, kisha akaitwa chumba kingine. Niko peke yangu." Akaisogeza tableti mdomoni. "Wewe ndiye macho yangu, mtoto. Niambie unachokiona. Kule kwetu wanamzika nani?"

Wanaume sita wakainama, wakashika.